Kutafuta madaraja yaliyopotea ya barabara ya Bububu

Anayetoka Darajani, mjini Unguja, leo kwenda Bububu, kaskazini mwa mji, haoni maji ya kuvuka pale anapoanza safari. Zamani asingetoka mjini bila kuyavuka au kuyazunguka. Mkondo wa bahari uliingia Funguni ukazunguka nyuma ya Mji Mkongwe hadi karibu na Mnazi Mmoja, na nchi kavu iliyobaki kuunganisha mji na Ng'ambo, mitaa ya upande wa pili wa mkondo, ilikuwa ukanda mwembamba wa kusini. Kila aliyekwenda kaskazini, kwa punda, kwa gari la ng'ombe au baadaye kwa motokaa, alihitaji daraja, au azunguke.

Mkondo ule ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, na madaraja yake yakapotea pamoja nao. Hilo ndilo linalowapoteza watafiti wengi wapya: wanatafuta daraja lililovunjika, kumbe yaliyoondoka kwanza ni maji.

Kwenye hifadhi ya nyaraka, usianze na majalada ya barabara peke yake. Mkondo ulikuwa na uchafu na mbu, kwa hiyo habari zake zimetawanyika pia kwenye barua za afya, mitaro na mipango miji. H. V. Lanchester, aliyeandika mpango wa mji mwaka 1923, alishughulika na mambo hayohayo. Mwenye subira pale Nyaraka za Taifa, Kilimani, hupata mengi kwenye jalada ambalo juu yake halikuandikwa neno daraja.

Halafu kuna reli. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilifungua mwaka 1905 njia ya treni ya kilomita 11 hivi, kutoka Ngome Kongwe kupitia Malindi hadi Bububu. Serikali ikainunua mwaka 1911, motokaa zikaongezeka, na katika miaka ya 1920 abiria wakaiacha. Treni haipandi mwinuko mkali wala haikati kona ya ghafla, kwa hiyo njia yake ni rahisi kuifuata kwenye ramani, na kila ilipokutana na maji palikuwa na kivuko. Ila hapa ndipo pa kuwa macho. Upande huohuo ulipita mfereji wa Sultan Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, ulioleta maji mjini kutoka chemchemi za Bububu. Ukikuta msingi wa mawe kando ya barabara, unaweza kuwa wa mfereji, wa reli au wa barabara yenyewe.

Tazama kinachoshika mawe. Chokaa ya kienyeji huwa nyeupe au ya wekundu wa udongo, ina chembe za matumbawe na makaa ya tanuri, na ukiikwaruza kwa ukucha hutoa unga. Saruji ni ya kijivu na haikwaruziki. Chuma kilichovimba kwa kutu ndani ya zege kinaonyesha kazi ya karne ya 20. Lakini mafundi walitia viraka vya saruji juu ya chokaa, basi usikate shauri kwa kutazama uso wa ukuta tu. Tafuta pale ulipomeguka.

Picha nazo zina hila. Studio ya A. C. Gomes iliuza postikadi za Zanzibar, na postikadi huweza kuuzwa miaka mingi baada ya picha kupigwa. Muhuri wa posta unakwambia picha haikupigwa baada ya tarehe hiyo, basi. Tazama pia maji: daraja lililopigwa bamvua maji yakiwa yamejaa huonekana fupi na la chini, lakini maji yakipwa, nguzo na matope yake hutokeza, ukadhani ni daraja jingine.

Nje ya mji kazi ni nyepesi zaidi, kwani vijito vingi vya Unguja huzama kwenye mawe ya matumbawe kabla ya kufika baharini, na barabara za upande wa mashariki hazikuhitaji madaraja mengi.

Ukiona msingi usioujua, usichimbe wala usichukue jiwe. Piga picha na kitu cha kupimia kando yake, andika mtaa na upande wa barabara, kisha mwulize mzee wa hapo maji ya masika yalikuwa yakipita wapi. Na kama nyumbani kuna picha za zamani, utakapozileta kwetu watafiti tuzinakili, usizitoe kwenye fremu kwa nguvu. Maandishi ya nyuma mara nyingi ndiyo tunayoyahitaji zaidi.