Kinu cha Flatford kilikuwa cha nani? Dhana potofu na ukweli

Dhana: Kinu hiki cha maji kwenye mto Stour, Suffolk, Uingereza, kilikuwa mali ya mchoraji John Constable.

Ukweli: Kilikuwa cha baba yake, Golding, aliyekirithi kwa ami yake, Abram, katika miaka ya 1760. John, aliyezaliwa 1776, alifanya kazi kwa muda katika biashara ya familia, kisha mwaka 1799 akaenda London kusomea uchoraji. Golding alipofariki 1816, mwenye kuendesha biashara alikuwa Abram mwingine, mdogo wake John. Familia ilikiachia kinu katikati ya karne ya 19.

Dhana: Nyumba inayoonekana kwenye mchoro maarufu wa “The Hay Wain” wa 1821 ndiyo kinu.

Ukweli: Ile ni nyumba ya mkulima Willy Lott, kando ya bwawa la kinu. Anayechanganya majengo haya mawili hufuatilia hati za kiwanja kisicho cha kinu.

Dhana: Aliyetajwa kuwa msagaji ndiye mwenye kinu.

Ukweli: Hili ndilo kosa linaloharibu historia nyingi za vinu vya Uingereza. Vitabu vya matangazo ya biashara vya karne ya 19 vilitaja anayesaga, na mara nyingi huyo alikuwa mpangaji tu. Anza na ramani ya zaka (sehemu ya mavuno iliyolipwa kwa kanisa), iliyochorwa baada ya sheria ya zaka ya 1836. Soma namba ya kiwanja, kisha uitafute kwenye jedwali linaloambatana na ramani. Hapo mwenye ardhi ana safu yake na anayeikalia ana yake. Nakili majina yote mawili, hata yakifanana. Kwa miaka ya nyuma, orodha za kodi ya ardhi za 1780 hadi 1832 nazo hutenganisha wawili hao. Usikimbilie kusema kinu kiliuzwa mwaka ambao jina limebadilika: huenda kilichobadilika ni mpangaji, si umiliki.

Dhana: Daftari la serikali la ardhi litakupa wamiliki wote.

Ukweli: Kazi yake hasa ni kuonyesha mmiliki wa sasa. Usajili wa lazima wakati wa kuuza ulienea England na Wales zote mwezi Desemba 1990 tu, kwa hiyo mali ambayo haijauzwa kwa muda mrefu huenda haimo kabisa.

Dhana: Jiwe la jengo la kinu lililoandikwa 1733 linathibitisha kwamba kabla ya hapo hapakuwa na kitu.

Ukweli: Linahusu ujenzi wa mwaka huo. Baadhi ya sehemu za jengo huenda ni za zamani zaidi.

Dhana: Leo National Trust, shirika la kuhifadhi majengo na maeneo ya kihistoria, wanasaga unga pale.

Ukweli: National Trust ni mmiliki tangu 1943, lakini anayelitumia jengo ni mpangaji, shirika la elimu la Field Studies Council, anayeendesha kozi za mazingira tangu 1946. Mgeni wa kawaida hukitazama kinu kwa nje.