Redress: msaada wa kujaza fomu ni bure, dalali wa nini?

Tarehe ya mwisho ya kuomba Redress, mpango wa serikali ya Australia wa kuwafidia walionyanyaswa kingono utotoni kwenye taasisi, ni 30 Juni 2027, na kadiri inavyokaribia ndivyo simu zinavyoongezeka kutoka kwa wenzetu waongeaji Kiswahili hapa Australia. Nyingi zinaanzia kwenye voisi za WhatsApp: eti serikali inagawa dola laki moja na nusu kwa kila aliyewahi kuchapwa shuleni, mtumie jamaa fulani jina na tarehe ya kuzaliwa, atakujazia fomu halafu mtakatana asilimia. Jamani, hakuna mgao.

Mpango huu ulianza 1 Julai 2018, baada ya Tume ya Kifalme, yaani tume ya uchunguzi wa unyanyasaji huo, iliyofanya kazi kuanzia 2013 mpaka 2017 kuwasikiliza faraghani manusura zaidi ya 8,000, watu walioharibiwa utoto wao kwenye makanisa, shule, nyumba za kulelea watoto, vilabu vya michezo. Unamhusu mtu aliyefanyiwa unyanyasaji wa kingono akiwa mtoto, kabla ya hiyo 1 Julai 2018, na taasisi iliyokuwa na dhamana naye iwe imejiunga na mpango. Viboko, kunyimwa chakula, matusi, vyote vinaangaliwa lakini viwe vimeambatana na hilo la kingono, peke yake haviingii, na hili tunalirudia kila siku. Uwe raia au mwenye makazi ya kudumu. Na hiyo 150,000 ni kilele, sio kiwango cha kila mtu, na kama taasisi ilishakulipa zamani kwa jambo hilohilo wanakata. Zaidi ya hela kuna ushauri nasaha, na ukitaka, kuna taasisi kukuomba radhi ana kwa ana au kwa barua. Wapo waliotuambia hilo la kuombwa radhi ndilo lililowafanya waombe.

Wanaotuuliza kuhusu yaliyowapata kwenye kambi za wakimbizi za Kakuma au Nyarugusu, kwa kawaida hayaingii, maana waliokuwa na dhamana kule hawamo kwenye mpango. Hilo halimaanishi uchungu wenu ni mdogo. Kwa wakimbizi kuna Foundation House kule Victoria na STARTTS hapa New South Wales, kazi yao ni kuwasaidia wakimbizi wenye machungu kama hayo.

Sasa dalali. Serikali inalipia huduma za kumsaidia mwombaji kuanzia simu ya kwanza mpaka baada ya majibu. Kuna mtu wa kukaa na wewe kwenye fomu, kuna wa kukusikiliza ukishindwa kuendelea, na kuna mawakili wa knowmore wa kukushauri kisheria bila kukudai hata senti. Kwa hiyo anayekuomba asilimia anakuuzia kitu ambacho kodi imeshakilipia. Queensland ilipiga marufuku biashara ya kuwinda wateja wa madai ya fidia mwaka 2022, New South Wales ikatunga sheria yake 2025, na adhabu zake ni faini nene. Tena huyo jamaa akijaza uongo kwa jina lako, matatizo ni ya kwako, maana kutoa taarifa za uongo kwenye maombi kuna adhabu ya fedha, na ombi ni moja tu kwa mtu mmoja, hakuna kusema hili limeharibika nitaleta lingine.

Fomu yenyewe inahitaji utulivu. Pale unapoeleza ulichofanyiwa, nani, wapi, mwaka gani, taasisi itapelekewa ijibu. Pale unapoeleza jinsi maisha yalivyoenda baada ya hapo, ndoa, pombe, usingizi, kazi, taasisi haipelekewi. Watu wengi wanaandika kurasa nne sehemu ya kwanza halafu ya pili wanaweka mstari mmoja, "nilipata shida sana", kwa sababu wanadhani kila neno litasomwa na yule padri au mwalimu mkuu. Andika. Kama hukumbuki tarehe sema ulikuwa darasa la ngapi, haidaiwi ushahidi kama wa mahakamani, na sio lazima uwe uliripoti polisi.

Halafu hili la kumpa mtoto wa miaka kumi na nne akusomee fomu kwa sababu yeye ndiye anajua Kiingereza, tafadhali, hapana. Piga TIS, huduma ya serikali ya ukalimani, 131 450, sema Swahili, utapata mkalimani wa simu. Tunajua jamii yetu ni ndogo na kila mtu ni shemeji wa mtu, kwa hiyo omba awe wa jimbo lingine, omba mwanamke au mwanaume utakavyo, na huna haja ya kumtajia jina lako. Ukishampata, unganishwa na Redress, 1800 737 377.

Ukiwa na miaka 70 na kuendelea, au 55 kwa Waaborijini na watu wa Torres Strait, au una ugonjwa usiopona, unaweza kupewa dola 10,000 za mwanzo wakati ombi bado linashughulikiwa. Malipo ya Redress hayakatwi kodi na Centrelink, ofisi ya serikali inayotoa posho, haiyahesabu kama mapato, kwa hiyo acheni kuogopa kwamba mtapunguziwa hela za watoto.

Ofa ikija una miezi sita ya kuijibu. Kuikubali maana yake unasaini kwamba hutaishtaki tena taasisi hiyo kwa unyanyasaji huo, na kwa kuwa majimbo yote yameondoa ukomo wa muda kwenye kesi za namna hii kuna watu ambao mahakamani wangepata zaidi, na wengine wasingepata kitu, ndiyo maana tunasema muone wakili wa bure kabla ya kalamu. Ukiona kiwango ni kidogo omba mapitio. Ila usiiache bahasha juu ya friji ukisubiri roho itulie: miezi sita ikipita kimya inahesabika umeikataa, na huwezi kuomba tena. Ukihitaji muda zaidi omba nyongeza kabla haijaisha.