Mlango wa kuteleza ukigoma kufunga, anza na rola ya kati

Mlango wa Hiace au Noah ukianza kugoma, mafundi wengi hukimbilia loki: wataigonga, wataisogeza, watapaka grisi. Wiki mbili baadaye gari linarudi gereji. Mimi huanza na rola ya kati, kigurudumu kinachotembea kwenye reli ya nje ya ubavuni, kwa sababu ndiyo inayobeba nyuma ya mlango, na loki iko hukohuko nyuma. Rola ikilika mlango unashuka, loki inagonga kipokeo chake kwa chini, na konda anaubamiza ili ufunge. Kila kishindo kinazidi kuimaliza rola.

Mlango huu hutembea kwenye reli tatu. Moja iko juu, ukingoni mwa dari. Ya pili iko chini, kwenye ngazi. Ya tatu ni ule mfereji mrefu wa nje, ubavuni mwa bodi. Rola ya chini hubeba upande wa mbele, ya juu huzuia mlango usiyumbe. Mbele, reli zote hupinda kuingia ndani, ndiyo maana mlango hutoka nje kwanza kabla ya kurudi nyuma. Kwenye kona hizo ndipo rola huumia zaidi.

Mpangilio huo haujabadilika sana tangu Volkswagen walipoufanya mlango wa kuteleza kuwa wa kawaida kwenye basi lao dogo la kizazi cha pili, mwaka 1967. Lile la 1950 lilikuwa na milango miwili ya bawaba ubavuni. Kilichobadilika ni idadi na upande. Minivan za Chrysler za mwisho wa 1983 zilikuwa na mlango mmoja tu wa kuteleza, kulia, kwa kuwa Marekani abiria hushukia kulia. Sisi Tanzania tunaendesha kushoto kama Wajapani, hivyo Hiace ikitoka Japani mlango wake unafungukia kituoni moja kwa moja, iwe Mwenge au Mbagala, Dar. Noah za 1996 nazo zina mlango huo kushoto pekee. Za 2001 injini ilitoka chini ya viti ikaenda mbele, sakafu ikashuka, na milango ya kuteleza ikawa pande zote mbili. Kwa abiria ni raha; kwa fundi ni rola mara mbili.

Kupima ni rahisi. Fungua mlango nusu, shika ukingo wake wa nyuma kwa mikono miwili, uinue. Ukicheza juu na chini, rola ya kati imekwisha. Ukicheza mbele chini, ni rola ya chini.

Kubadilisha kunahitaji watu wawili. Weka jeki chini ya mlango, juu yake ubao na kitambaa, uinue kidogo tu hadi uzito utoke kwenye rola. Chora alama kuzunguka bolti kabla ya kuzilegeza, la sivyo utapoteza nafasi ya mlango. Toa kifuniko cha mwisho wa reli, chomoa rola kwa nyuma, ingiza mpya. Kaza bolti nusu, funga mlango taratibu, linganisha uwazi wake na mlango wa mbele, kisha kaza kabisa. Kipokeo cha loki kiguse mwisho, kama bado kuna haja. Ukinunua rola ya mtumba mtaa wa Gerezani, Dar, izungushe kwa kidole: ikikwama au plastiki yake ina ubapa, iache.

Usijaze grisi kwenye reli. Vumbi na mchanga wa Dar vinaganda humo na kuwa kama msasa. Safisha kwa brashi na kitambaa chenye mafuta ya taa, kausha, kisha pulizia silikoni. Grisi kidogo ni ya loki.

Kwa milango ya umeme, kama ya Alphard, rola iliyochoka huelemea mota na kukata waya wa kuvutia, ambao ni ghali kuliko rola. Mlango ukianza kusitasita au kurudi wenyewe katikati ya njia, zima swichi yake kwenye dashibodi, uvute kwa mkono. Ukiwa mzito hata kwa mkono, tatizo liko kwenye rola au reli. Usikubali kuuziwa mota.