Bayani haitokani na bayana

Tangu Sofia Gubaidulina, mtunzi wa muziki kutoka Urusi, afariki Machi 2025, nimekuwa nikisoma na kusikia habari za kazi zake kwa Kiswahili, jambo la kufurahisha. Ila kila neno bayani linapotajwa, maelezo yanakwenda upogo: mmoja ameandika kwamba aliitungia akodiani, wengine husema "ni akodiani tu", na wengine wanakosea asili ya neno.

Bayani ni akodiani ya Kirusi yenye vitufe pande zote mbili, bila zile funguo za piano. Basi, maana yake ndiyo hiyo. Kinachonikera ni asili ya neno. Nimeshaambiwa mara tatu, tena na watu waliosoma, kwamba limetoka Kiarabu, ni ndugu wa bayana na kubainisha, na kwamba Watatari Waislamu ndio waliolifikisha Urusi. Naelewa kwa nini hoja hiyo inavutia. Gubaidulina mwenyewe alizaliwa Chistopol, Tatarstan, nchi ya Watatari ndani ya Urusi, mwaka 1931, baba yake Mtatari, na babu yake alikuwa mulla. Mtu akiyaweka hayo karibu na neno linalofanana na letu, anaona kesi imekwisha.

Bayana yetu ni ya Kiarabu kweli. Bayani ya Warusi ni jina la mtu. Boyan, au Bayan, ni malenga anayetajwa mwanzoni mwa utenzi wa kale wa vita vya mwanamfalme Igor, wa karne ya 12. Utenzi unasema alipotaka kuimba alikuwa kama aliyeachia kozi kumi, wale ndege wa kuwindia, juu ya kundi la ndege wa majini. Kozi hao ni vidole vyake na ndege wa majini ni nyuzi za ala yake, na nyuzi zilivuma zenyewe kuwasifu watawala. Mtu wetu yeyote aliyewahi kumwangalia mpiga udi kwa karibu ataielewa picha hiyo papo hapo. Karne nyingi baadaye, mwaka 1907, fundi Pyotr Sterligov wa St. Petersburg alimtengenezea mpigaji Orlansky-Titarenko chombo kipya cha vitufe, nacho kikapewa jina la malenga huyo. Chombo hakina uzi hata mmoja, ni mivukuto ya kusukuma hewa na ndimi za chuma zinazotoa sauti, lakini heshima ya jina ndiyo iliyokusudiwa.

Na kuhusu kusema "ni akodiani tu": ile tunayoiona kwenye taarab kwa kawaida ina funguo za piano mkono wa kulia, na kushoto kitufe kimoja hutoa sauti kadhaa zilizokwisha kupangwa pamoja. Bayani ya jukwaani ina swichi inayouachia mkono wa kushoto upige noti moja moja, hata uweze kubeba wimbo kamili. Ndimi zake pia ni pana zaidi, na sauti za chini zinatoka nzito, zinazotetemesha kifua.

Sauti hizo ndizo alizozitumia Gubaidulina mwaka 1978 katika kazi yake De Profundis, baada ya mpigaji Friedrich Lips kumwonyesha kwa undani chombo kinavyofanya kazi. Jina ni la Zaburi ya 130: "toka vilindini nimekulilia". Muziki unaanzia huko chini kabisa, sauti zimebanana, mivukuto ikitetemeshwa, kisha unapanda polepole kuutafuta mwanga. Kuna mahali mpigaji anabonyeza kitufe cha hewa na kuivuta mivukuto bila noti yoyote. Kinachosikika ni pumzi tupu, kama ya mtu aliyelala chumba cha pili. Gubaidulina alikiita chombo hicho dubwana, na alisema anakipenda kwa sababu kinapumua. Mwaka 1982 alikirudia katika Maneno Saba, pamoja na selo (ala ya ukoo wa fidla yenye sauti nzito) na ala nyingine za nyuzi, akiyafuata maneno ya mwisho ya Yesu msalabani. Kwa kuwa wakuu wa Kisovieti hawakutaka majina ya dini, kazi hiyo ilichapwa huko kwa jina la Partita. Hilo peke yake linastahili makala yake.

Kwa hiyo aliyeandika kwamba Gubaidulina aliitungia akodiani hajapotoka sana, maana bayani ni ya ukoo huo. Ningemwomba tu aandike bayani, kwa sababu hiyo pumzi na huo uzito wa chini alivitafuta kwenye chombo hicho hasa. Na akiulizwa jina limetoka wapi, amtaje Boyan.