Uhalisia wa kichwa cha ayala: maana yake na namna unavyopimwa

Ukiingia katika nyumba za wawindaji wa Marekani, au mikahawa ya miji midogo ya Wisconsin na Texas, si ajabu kukuta kichwa cha mnyama mwenye pembe za matawi kimetokeza ukutani pamoja na shingo na mabega. Kwa mgeni vichwa hivyo vinafanana. Lakini simama mbele ya viwili, uvitazame kwa utulivu. Kimoja kitakufanya ushushe sauti usije ukamshtua mnyama. Kingine utaona ni ngozi tu iliyovishwa juu ya kitu. Tofauti hiyo ndiyo mafundi wanaiita uhalisia.

Kazi yenyewe ni taksidemia, neno lenye asili ya Kigiriki: kupanga, na ngozi. Fundi huchuna ngozi ya mnyama aliyekufa, huidabaghi isioze, kisha huivika juu ya umbo alilolitengeneza au kulinunua. Manyoya ni ya kweli, pembe ni za kweli, kope ni za kweli. Ndiyo maana watu wengi hudhani uhalisia unakuja wenyewe. Hauji. Uhalisia ni makubaliano kati ya viungo: jicho, sikio, pua, shingo na manyoya yatoe habari moja, ya mnyama mmoja, katika dakika moja ya uhai wake. Kiungo kimoja kikileta habari nyingine, mtazamaji huhisi kuna kosa hata kama hawezi kulitaja.

Kwanza jina la mnyama, maana hapa Kiswahili huchanganya watu. Wengi humwita kulungu. Kulungu wetu, yule wa misitu ya Usambara na Meru, ni jamii ya tandala na pofu. Pembe zake zina gamba gumu, hukua naye maisha yote na hazianguki. Ninayemzungumzia hapa ni yule ambaye Biblia ya Kiswahili, katika Zaburi ya 42, inamwita ayala. Afrika ina ayala wa asili kaskazini tu, upande wa Algeria na Tunisia. Ayala anayeletwa zaidi katika karakana za Marekani ni yule mwenye mkia mweupe, na pembe zake ni mfupa mtupu: huanguka kila mwaka baada ya msimu wa kupandana, kisha huota upya. Zinapoota hufunikwa na ngozi laini yenye vinyweleo, mithili ya mahameli, na mnyama huisugua kwenye miti mpaka itoke zinapokomaa. Jambo hili la pembe lina uzito mkubwa katika hukumu ya uhalisia, nami nitalirudia.

Kwa nini makubaliano ya viungo ni magumu kupatikana? Mwaka 1731 mfalme Frederick I wa Uswidi alipelekewa simba hai kutoka Algiers. Simba alipokufa, ngozi na mifupa yake ikakabidhiwa fundi amrudishe sura. Matokeo yake bado yako katika kasri la Gripsholm: macho mawili yamekaribiana na kutazama mbele kama ya binadamu, meno yamepangwa kama ya mtu, ulimi unaning'inia nje. Ngozi ile ilikuwa ya simba kweli. Kilichokosekana ni mtu anayemjua simba. Kwa miaka mingi hata mafundi wazuri walifanya kazi ya kujaza tu: ngozi inashonwa kama gunia, inashindiliwa nyasi na vitambaa mpaka itune. Mnyama aliyejazwa hivyo hana misuli, hana mifupa, hana mahali ambapo ngozi inazama.

Aliyesaidia sana kuubadilisha mtazamo huo ni Carl Akeley, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1864. Yeye alianza na mifupa, akafinyanga misuli kwa udongo juu yake, akatoa kalibu ya plasta, na ndani ya kalibu akapata umbo jepesi ambalo ngozi ilivishwa juu yake. Yaani alikuwa mchongaji kabla ya kuwa mshonaji. Tunamjua huku kwetu kwa tembo aliowakusanya Kenya, na kaburi lake liko kwenye miteremko ya mlima Mikeno, Kongo, alikofariki mwaka 1926. Lakini mojawapo ya kazi zilizomjengea jina ni ya ayala: makundi manne ya ayala mkia-mweupe, kila kundi katika msimu wake, yaliyoko katika jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago. Mke wake, Delia, alishirikiana naye kutengeneza maelfu ya majani ya nta ya mandhari yale. Katika kazi hiyo ayala wa kiangazi na ayala wa majira ya baridi ni kama wanyama wawili, na yeyote anayetaka kuelewa neno uhalisia anaweza kuanzia pale.

Siku hizi fundi wa kawaida hafinyangi kila kitu. Hununua umbo la povu gumu lililokwisha kuchongwa, la saizi na mkao anaoutaka. Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa sababu umbo la dukani ni la ayala fulani, si la huyu. Fundi makini huchukua vipimo kabla na baada ya kuchuna: kutoka kona ya jicho hadi ncha ya pua, mzunguko wa shingo nyuma ya masikio. Kisha hupunguza au kuongeza umbo lifuate vipimo. Mvivu huvuta ngozi ifuate umbo.

Jicho ndilo la kwanza kuangaliwa, nalo ndilo linaloshinda au kushindwa. Jicho lenyewe ni la kioo, kwa hiyo uhai wake hautoki ndani. Unatoka katika namna lilivyowekwa na namna kope zilivyolizunguka. Kama hujawahi kumwona ayala, mtazame mbuzi wa jirani saa sita mchana. Mboni yake si duara, ni mstari mpana uliolala. Ya ayala nayo mchana hulala hivyohivyo. Sasa mbuzi akiinama kula, angalia tena: kichwa kimeshuka, lakini ule mstari umebaki karibu sambamba na ardhi, kwa sababu jicho huzunguka ndani ya tundu lake. Wanyama wanaoliwa huishi kwa kuuchunguza upeo wa macho, hata wakati wa kula. Basi ukiona kichwa cha ukutani kilichoinamishwa mbele na mboni zimeinama pamoja nacho, fundi ameweka macho bila kufikiri ardhi iko wapi.

Simama kisha mbele kabisa ya uso. Macho yawe kwenye kimo kimoja, yatokeze pembeni kwa kiasi kimoja. Kope ya juu iwe na unene na ikingame kidogo juu ya kioo. Kope iliyokaa nyuma na kuacha mviringo mzima wazi humpa mnyama uso wa hofu, hata kama mwili wake umetulia. Mbele ya jicho kuna ufa mdogo mweusi usio na manyoya, mahali penye tezi. Katika kazi mbaya ufa huo umezibwa kwa udongo au umepakwa rangi tu juu juu. Katika kazi nzuri una kina, na ukiumulika kwa tochi unaona kivuli ndani yake.

Baada ya jicho, sikio. Ayala huongoza sikio moja huku na jingine kule, kwa hiyo masikio kutofautiana si kosa. Kosa ni sikio lisilo na sababu. Likiwa limegeukia nyuma, kuna kitu anakisikiliza huko, na hata misuli ya chini ya sikio hubadilika umbo: nundu iliyo kwenye shina lake huhama. Masikio yakilazwa nyuma kabisa, ayala dume anatisha mwenzake. Hapo jicho lazima liwe kali na shingo imekaza. Nimeona kazi ambayo masikio yalikuwa ya ugomvi na macho ya mnyama anayecheua, na hilo kwangu ni kosa kubwa kuliko mshono unaoonekana. Mshono ni aibu ya mkono. Masikio yale yanaonyesha fundi hajui mnyama huwa anafanya nini.

Ndani ya sikio gegedu la asili huondolewa, na badala yake huwekwa kiini cha plastiki au puti, ileile ya mafundi wa bodi za magari. Ikizidi, sikio linakuwa nene kama kiatu. Sikio la ayala hai ni jembamba pembezoni kiasi kwamba jua likiwa nyuma yake mishipa huonekana.

Pua huharibiwa na rangi ya kung'aa. Kwa kuwa pua ya ayala hai ina unyevu, wengi huimwagia vanishi mpaka iwe kama kijiko. Angalia pua ya ng'ombe: imejaa vinundu vidogo vidogo, na unyevu umekaa katikati ya vinundu hivyo, haujavifunika. Tundu za pua ziendelee ndani, zisiishie ukutani. Majaji wa mashindano ya taksidemia huingiza mwanga wa tochi humo, na hapo ndipo kazi nyingi zinazopendeza kwa mbali zinapoporomoka.

Mdomo ukifungwa hauna mengi. Ukifunguliwa, kumbuka ayala ni kama mbuzi na ng'ombe: hana meno ya mbele katika taya la juu. Ayala mwenye meno ya mbele juu hayuko duniani.

Sasa turudi kwenye pembe na msimu. Msimu wa kupandana unapofika, ambao katika sehemu kubwa ya Marekani kaskazini kilele chake ni Novemba, shingo ya dume huvimba sana na manyoya yake ni yale mazito ya kijivu-kahawia. Kiangazi shingo ni nyembamba, manyoya ni mafupi na mekundu, pembe zingali na mahameli. Karakana wakati mwingine hulazimika kutumia ngozi ya mnyama mwingine, pengine kwa sababu ya kwanza iliraruka au kuoza. Si haramu. Lakini ukikuta pembe za mahameli juu ya shingo nene ya Novemba, umeletewa wanyama wawili katika kichwa kimoja. Hakuna rangi wala gundi inayoweza kuliponya kosa hilo.

Shingo ikigeuka nayo ina sheria yake. Upande wa ndani wa mgeuko ngozi hukunjamana, upande wa nje hunyooka. Kunjo zisiwe mapambo. Ziwe pale ambapo shingo ya kweli ingezitoa. Manyoya ya kidarini yana mizunguko yake, na fundi akikosea kuitandaza ngozi hata kwa upana wa vidole viwili, mizunguko hiyo husogea mahali isipopaswa.

Kuna kosa moja ambalo siku ya kukabidhiwa kazi halionekani. Ngozi ikikauka husinyaa. Isipogandishwa vizuri na gundi, huachana na umbo pale lilipozama, kama chini ya jicho au ndani ya sikio, ikawambwa kama ngozi ya ngoma juu ya uwazi. Kona za macho hufunguka, midomo hujitoa mahali ilipochomekwa, na mshono wa nyuma ya shingo huachia. Kwa hiyo mimi siamini hukumu ya wiki ya kwanza. Mpe ayala miezi michache, kisha pitisha kidole taratibu juu ya mashavu na ndani ya masikio. Penye uwazi patasikika.

Ukubwa wa pembe ni habari nyingine kabisa. Boone and Crockett Club, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1887, kina utaratibu wake maarufu wa kupima pembe, na mwindaji anaweza kujivunia namba hizo. Jaji wa taksidemia hazimhusu. Ayala mdogo mwenye vijipembe viwili anaweza kumshinda dume mwenye taji la matawi, na naona hilo ni haki tupu, kwa sababu pembe zimeota porini na kinachopimwa ni kile kilichofanyika karakanani.

Ukitaka kupima mwenyewe bila tochi wala fomu ya jaji, tumia mkono. Simama hatua tatu mbali, ziba macho ya ayala kwa kiganja chako hewani, ubakishe masikio na shingo. Jiulize: anasikia nini, na ataondoka au atabaki? Kisha ziba masikio, ubakishe macho, ujiulize vilevile. Fanya hivyo pia kwa pua na mdomo. Kama jibu la kwanza lilikuwa "anasikiliza kitu nyuma yake" na la pili "amelala nusu", umeshaiona kasoro, na sasa unaweza kumweleza fundi mahali ilipo.