Ndani ya The Big Combo, fuata taa

Kuna muvi ya 1955 inaitwa The Big Combo, nyeusi na nyeupe, haizidi dakika 90, na kila kijana anayekuja kwangu kujifunza kazi ya taa namkalisha aitazame kwanza kabla hajagusa stendi ya taa. Wengi wanauliza kitu kile kile, kaka kwa nini muvi ya zamani yenye giza namna hii wakati sisi tunashuti kwa kamera za kisasa? Nawaambia acha maneno ya waigizaji, fuata taa, angalia nani anaishika na nani anaikimbia.

Stori yenyewe kwa ufupi: Luteni Leonard Diamond (Cornel Wilde) ni polisi aliyemganda bosi wa genge anayejulikana kwa jina la Mr. Brown (Richard Conte), ushahidi hana ila hatulii, na kinachomkoroga zaidi ni kwamba amempenda Susan, mwanamke wa huyo huyo Brown. Susan ameigizwa na Jean Wallace, ambaye nje ya muvi alikuwa mke wa Wilde. Dairekta ni Joseph H. Lewis. Lakini mtu wangu mimi ni kameramani, John Alton, mzaliwa wa Sopron, Hungaria, mwaka 1901, miaka ya 1930 alifanya kazi Argentina kabla ya kurudi Hollywood, na 1949 akatoa kitabu cha kufundisha ufundi huu ambacho jina lake maana yake ni kuchora kwa mwanga.

Studio kubwa za wakati ule zilikuwa na mazoea ya taa nyingi. Taa kuu mbele, ya kujazia vivuli upande wa pili, ya nyuma kumtoa mtu ukutani, halafu nyingine kibao za seti, kwa sababu staa amelipwa hela ndefu na lazima sura yake ionekane. Alton alikuwa anapunguza. Taa ya kujazia anaiondoa au anaiacha dhaifu sana, taa kuu anaisukuma pembeni au nyuma kabisa, nusu ya uso inabaki na nusu inaliwa. Na hapa ndipo vijana wengi wanakosea, wanadhani giza ni kutowasha, wanazima taa zote wanapata picha ya kijivu imekufa, halafu wanalaumu kamera. Giza zuri linataka kitu kimoja kikali karibu yake, ukingo wa kofia, shavu, kona ya meza, jicho lipate pa kulinganishia. Weusi wa Alton unaonekana mweusi kweli kwa sababu pembeni yake kuna weupe unaouma.

(Ukiitafuta mtandaoni chagua kopi nzuri tafadhali, nimekutana na kopi ambazo giza lote limegeuka kijivu, hapo hujaitazama muvi hii.)

Sasa tuifuate taa. Tunaanza usiku kwenye ukumbi wa ngumi, huko ndani watu wanapiga kelele na sisi tuko kwenye korido na Susan anakimbia, nyuma yake vijana wawili wa Brown, Fante na Mingo, yaani Lee Van Cleef na Earl Holliman. Angalia anavyopita. Anaingia kwenye kipande cha mwanga, anazama kwenye kivuli, anatokea mbele, anazama tena. Hakuna aliyetuambia kwamba huyu dada kafungwa maisha yake yote na huyo mwanaume, ila tumeshajua, maana hata mwanga anaupata kwa vipande na si yeye anayeamua kipande kinachofuata kiko wapi.

Brown mwenyewe ni msafi. Suti nzuri, nywele zimelala, anaongea haraka haraka kama mkurugenzi wa kampuni, na jina lake ni la kawaida kabisa. Hili kwa Wamarekani wa wakati ule lilikuwa na uzito wake, kwa sababu 1950 na 1951 kamati ya Seneti chini ya Estes Kefauver ilikuwa inawahoji watu wa magenge na vikao vikaonyeshwa kwenye televisheni, na bosi mkubwa wa New York, Frank Costello, alipokataa sura yake ionyeshwe, kamera zikashuka kwenye mikono yake. Fikiria hiyo picha. Nchi nzima inasikia sauti ya mtu na kuona vidole vyake vinahangaika, uso hamna. Miaka minne baadaye unakaa kwenye kiti cha sinema unakutana na Brown na hilo genge lake, lile "combo" la kwenye jina la muvi, biashara kamili yenye hesabu zake, na unaelewa kwa nini nusu ya kila uso imefichwa.

Halafu kuna kile kifaa cha kusikia. McClure (Brian Donlevy) ni mkubwa wa zamani ambaye sasa ni msaidizi wa Brown, masikio yake mabovu, anavaa kifaa chenye waya. Brown anakichukua, anamchomeka Diamond sikioni, anampigia kelele, anasogeza redio yenye ngoma za jazi na kufungulia sauti mpaka mtu anavunjika bila kupigwa ngumi. Baadaye zamu ya McClure inafika. Anabembeleza, anajua anakufa, na Brown anamwambia atamfanyia hisani, hatazisikia risasi, anamchomoa kile kifaa sikioni. Sauti yote ya muvi inakatika hapo hapo. Tunabaki sisi na McClure tunaangalia midomo ya bunduki inawaka mweupe, inawaka tena, kimya. Nimeitazama sijui mara ngapi na bado mwili unasisimka. Ukitaka kujua Brown anatawala kwa kutumia nini, jibu liko kwenye hizo sini mbili, yeye ndiye anayeamua wenzake wasikie nini na wasisikie nini, mmoja anamjaza kelele, mwingine anamnyang'anya hata mlio wa kifo chake mwenyewe.

Ndiyo maana mwisho wake ni wa haki kabisa. Hanga la uwanja wa ndege, usiku, ukungu mzito, taa inazunguka na kupita, inapita tena. Seti ni kama haipo. Brown amejificha kwenye giza lake alilolizoea, Diamond anamsaka, na Susan yuko kwenye gari. Susan anashika taa ya gari, ile ya kuelekeza kwa mkono, na anamulika. Brown anakimbia upande huu, taa inamfuata, anakimbia ule, taa ipo, hajui pa kuweka uso, anafyatua risasi ovyo kuelekea kwenye mwanga. Yule dada aliyekuwa anapewa mwanga kwa vipande kwenye korido sasa ndiye aliyeushika. Brown hafi, anakamatwa mzima mzima.

Ile picha ya mwisho ya ukungu, Diamond na Susan wakiwa weusi mlangoni pa hanga, nimejaribu kuitengeneza mwenyewe, mimi na vijana wangu kwenye godauni, mashine moja ya moshi na taa moja kubwa. Mara ya kwanza taa tuliiweka upande wa kamera, moshi ukawa uchafu tu wa kijivu na waigizaji wanaonekana kama watu waliosimama kwenye jiko la kuni. Tukaihamisha, tukaipeleka nyuma kabisa ya moshi inatazama kamera, na hapo moshi ukageuka ukuta mweupe kama maziwa na watu wakawa weusi tii, kwa sababu moshi unaonekana zaidi mwanga ukiupenya kuja kwako kuliko ukiupiga kutoka upande wako. Prodyuza aliyekuwepo akasema siwezi kulipia sura ambazo hazionekani, akataka tuwashe za mbele, tukawasha, ukuta ukafa palepale. Iliniuma sana siku ile na bado inaniuma, kwa sababu sura zile zilikuwa zinaonekana, zilikuwa zinaonekana kwa mabega, kwa shingo, kwa mkono uliolegea.

Kitu cha mwisho tulichogundua tukiwa na ile taa ya nyuma ni nafasi. Watu wawili weusi wakigusana kwenye fremu wanakuwa donge moja, huoni nani ni nani. Tulihangaika karibu saa nzima kumwambia dada aliyekuwa anatuigizia asogee hatua moja kushoto, rudi nusu, simama. Rudi sasa uangalie Diamond na Susan pale mlangoni pa hanga: hakuna busu, hakuna maneno matamu, weusi wawili na kati yao ufa wa ukungu unaowaka, na huo ufa unabaki hapo huku wakianza kutembea.