Je, wajua kwa nini gesi ya mayai viza huacha kunuka pale inapozidi?

Kihambani kwa baba mkubwa, Kibosho, kuna mtambo wa biogesi unaolishwa samadi ya ng'ombe wawili. Siku moja uliziba, akaitwa fundi. Mfuniko ulipofunguliwa, harufu ya mayai viza ilitoka kwa kishindo hadi kuku wakahama. Nikainama pale mdomoni nichungulie, na baada ya dakika chache harufu ikapotea kabisa. Nikatangaza kama mtaalamu: "Hewa imeshasafika, mtu anaweza kuingia."

Fundi akanivuta shati. "Imesafika puani mwako, kijana. Shimoni bado."

Nilidhani ananitisha ili aongeze bei. Kumbe mwenye kosa nilikuwa mimi.

Gesi yenyewe huitwa haidrojeni salfaidi. Bakteria huitengeneza wanapoozesha vitu pasipo na hewa: kwenye samadi, mashimo ya choo, chemba za maji taka. Viwandani huambatana na mafuta ghafi na gesi asilia. Hata viwanda vya ngozi, kazi ambayo mji wa Moshi unaijua, vinayo: kemikali ya salfaidi ya kuondolea manyoya ikikutana na tindikali kwenye mtaro mmoja, gesi huzuka papo hapo. Ni nzito kidogo kuliko hewa, kwa hiyo hulala mashimoni.

Turudi puani. Pua ya mtu huinasa gesi hii hata ikiwa chini ya sehemu moja katika sehemu milioni za hewa. Ni umahiri wa ajabu. Lakini ikifika kama sehemu 100 kwa milioni, ndani ya dakika 2 hadi 15 mtu haisikii tena. Ikizidi hapo, huenda akavuta pumzi moja yenye harufu na ya pili isiyo na kitu.

Wengi husema "pua imezoea". Kuzoea kupo, ila ni jambo jingine. Ukihamia jirani na mashine ya kusaga, usiku wa kwanza hulali. Baada ya wiki huisikii. Sikio ni zima, umeacha tu kuijali. Kwenye gesi hii, kiwango kikiwa kikubwa, neva za kunusa zenyewe hupooza. Ni kama mbwa anayebwekea kila kuku apitaye, lakini chui akiingia uani anajibanza uvunguni, kimya. Mwenye nyumba anasikia ule ukimya, anageukia ukutani na kulala. Ndivyo nilivyokuwa pale shimoni: hatari ikipanda, harufu inashuka, nami nikausoma ukimya kinyume.

Namba hizo zisichukuliwe kama mstari wa rula. Nyingi zimetokana na ajali na majaribio ya zamani, na pua hazilingani.

Kiwango kidogo huwasha macho, huuma kichwa na kuleta kichefuchefu. Kwenye sehemu 500 hadi 700 mtu huweza kuanguka ndani ya dakika chache. Zikipita 1,000, pumzi moja mbili zinatosha. Hufanya kazi kama sumu ya sianidi: hewa imejaa mapafuni, lakini seli hazina uwezo wa kuitumia oksijeni. Baadhi ya wanaozimia na kunusurika hubaki na matatizo ya kumbukumbu. Kuhusu kuishi na kiwango kidogo miaka mingi, ushahidi ni mwembamba zaidi. Rotorua, mji wa New Zealand wenye chemchemi za volkano, hunuka mwaka mzima, na watafiti waliowapima wakazi wake hawakuona akili zao zikiwa zimedhoofika.

Kosa la pili, ambalo nalo nililibeba muda mrefu, ni kushusha kibatari shimoni: kikiwaka, ingia. Moto huzimika oksijeni ikishuka hadi kama asilimia 16. Sehemu 1,000 kwa milioni ni asilimia 0.1 tu ya hewa, kwa hiyo kibatari kitawaka vizuri juu ya mtu aliyekwisha kuanguka. Tena kwenye biogesi kuna methani, na hiyo inaweza kulipuka.

Ndiyo maana wanaokufa mara nyingi huongozana, mmoja akimfuata mwenzake. Mwaka 1986 NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, iliandika kuwa zaidi ya asilimia 60 ya waliofia mahali pa kufungwa kama matangi na mashimo walikuwa waokoaji.

Dalili moja haitegemei pua: sarafu za shaba au fedha mfukoni mwa aliyeanguka huweza kukutwa zimegeuka nyeusi.

Fundi wetu hakuingia. Alifunga kamba kwenye ndoo, akasimama upande upepo unakotokea, akachota akiwa juu hadi jioni. Bei haikuongezeka.